Kikombe cha Mgeni

Juu ya duka la vitabu na fotokopi la mjomba wa kijana Badar, pale Chake Chake njia inapoteremkia sokoni, kulikuwa na chumba chenye meza nne, soketi sita na sheria nyingi. Wenyewe walikiita Baraza. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri walikusanyika humo vijana saba, kila mmoja na kompyuta yake, wakazungumza habari za programu huria: zile zisizonunuliwa, ambazo mtu yeyote duniani anaweza kuzifungua, akaona zimeshonwaje, akazirekebisha na kumpa mwenzake. Ukisikia maelezo hayo utadhani mlango wao ulikuwa wazi kama mlango wa msikiti. Haukuwa.

Badar ndiye aliyewagawa watu wa dunia mafungu mawili. Waliotumia programu huria na kuzijua undani wake walikuwa wenye nyumba. Waliobaki wote, mpaka wakubwa wa ofisi zenye viyoyozi, walikuwa wapangaji: wanakaa kwa watu, hawana ruhusa hata ya kupigilia msumari ukutani. Neno hilo lilimkaa vizuri mdomoni. Babu yake aliwahi kuwa na mikarafuu asiyoijua idadi, na yeye mjukuu hakuwahi kuuona hata mmoja. Alichokuwa nacho ni chumba cha mjomba, na humo ndani alikuwa na mpaka wa kulinda tena. Siasa alizipiga marufuku. Maridhiano yalikuwa bado mapya mwaka ule, watu waliosusiana maziko kwa ajili ya vyama wameanza kuzikana, na Badar alipenda kusema kwamba kwake yeye hakuna chama hiki wala kile. Kuna wanaojua na wasiojua.

Mwanamke alikuwa mmoja tu, Yumna binti Kificho, wa Machomane. Alisomea kompyuta Unguja, akarudi na cheti chake, na cheti kikakaa kabatini miaka miwili kikinuka dawa ya nondo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akicheka huziba mdomo kwa ncha ya mtandio, na akiulizwa jambo huanza kwa kusema "sijui", hata kama analijua. Vijana walimheshimu. Walimheshimu kwa sababu ya kikombe.

Kikombe cha mgeni lilikuwa jina lao la utani kwa ada yao ya kumpokea mtu. Mgeni akija na swali hajibiwi. Huulizwa kwanza kama amesoma mwongozo. Mwongozo wenyewe ulikuwa kurasa mia nne na ushei za Kiingereza, zinauzwa hapo chini dukani, zimetolewa fotokopi na kutiwa waya mgongoni. Akisema hajausoma, Badar huchukua karatasi, akamwandikia mstari mmoja wa amri na kumwambia: andika hivi, kisha bonyeza. Mstari huo, kwa ufupi wake wote, ulikuwa na maana moja. Uliiambia kompyuta: futa kila kitu kilichomo ndani yako, wala usiniulize mara mbili.

Mgeni akishituka, akauliza mstari ule unafanya nini, hupigiwa makofi na kuvutiwa kiti. Akibonyeza, basi. Kompyuta hujila yenyewe mbele ya macho yake huku watu wakishika mbavu, kisha husomewa somo: mwenye nyumba hafungui mlango kabla ya kuuliza nani. Watatu walikuwa wamekinywa kikombe hicho. Mmoja alipoteza nyimbo zake, wa pili picha za mpira, wa tatu hakuwa na kitu cha kupoteza. Hakuna aliyekufa, Badar alikuwa akisema. Na sheria ya kikombe ilikuwa hii: anayemtonya mgeni, anatoka yeye.

Yumna alipoletewa chake, mwaka wa kabla, umeme wa Pemba ulikuwa bado unatoka kwenye majenereta ya Wesha, unakuja na kuondoka upendavyo. Betri ya kompyuta yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Aliandika mstari wote, herufi kwa herufi, kidole kikawa juu ya kibonyezo, na umeme ukakatika. Chumba kikawa kiza. Akafunika kompyuta, akaaga, akaenda nyumbani, na huko ndiko alikousoma mstari ule akafahamu ungefanya nini. Jumamosi iliyofuata alirudi, akasema kwa sauti ndogo kwamba asingeweza kubonyeza kitu kama kile. Makofi yalivuma. Badar akasema, huyu hakubonyeza, huyu ni mwenye nyumba wa kuzaliwa. Yumna hakumsahihisha. Tokea siku ile alijua kwamba kati yake na wale watatu waliochekwa palikuwa na tofauti ya nusu dakika ya umeme, na kwa kuwa alijua, aliogopa zaidi kuliko wote.

Sasa ilikuja barua. Mradi mmoja ulitaka kijana wa Pemba aende Dar es Salaam wiki sita akafunzwe, na akirudi aajiriwe kutia kompyuta kwenye skuli za kisiwa kizima. Nafasi ilikuwa moja, na jina lilikuwa la kupelekwa na Badar. Alikwisha kumwambia Yumna kwamba ni lake, ila Saud naye anaitaka. Saud alikuwa mkono wa kulia wa Badar, hodari wa kazi na hodari zaidi wa kejeli. Jina litaondoka Jumatatu, Badar alisema. Yumna alimwambia mama yake, na mama yake, ambaye hakuwahi kulitamka neno kompyuta bila ya kulivunja, alikwenda kumtolea sadaka ya mikate jirani kabla jambo halijawa.

Jumamosi ya kabla ya Jumatatu hiyo ndipo alipoingia Mwanakhamis.

Alitoka Micheweni. Pindo la buibui lake lilikuwa jeupe kwa vumbi la mawe ya kule. Alibeba kompyuta iliyofungwa kwenye kanga kama mtoto, na mkobani mwake mlikuwa na kiboksi kipya ambacho hajakifungua hata karatasi yake ya nailoni. Alitoa salamu mlangoni, akangoja aambiwe akae. Hakuambiwa. Basi alisimama, akaeleza akiwa amesimama.

Alikuwa mwalimu wa darasa la watoto viziwi. Kompyuta alipewa na wageni waliopita skuli kwao, nayo ilikuja na Linux, mfumo huria huu huu wa Barazani. Yeye hakuuchagua, aliukuta. Kijijini kwao alikuwapo mzee mmoja, Bi Siti, kiziwi wa kuzaliwa, ambaye katika miaka yake sabini alikuwa amejitungia lugha nzima ya mikono, akawafundisha ndugu zake, majirani zake, kisha watoto wa Mwanakhamis. Watoto wale, alieleza, huja darasani na miaka saba au minane hawana neno la kitu chochote. Hata mama zao hawana la kuwaitia. Bi Siti ndiye aliyewapa. Kwa miaka miwili Mwanakhamis alimpiga filamu fupi fupi, neno moja filamu moja, akafika mia tatu na kumi na mbili. Bi Siti alifariki mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Filamu zote zimo humu kwenye kompyuta, hazimo kwengine popote, na ndiyo maana amenunua kile kiboksi, ambacho ni diski ya kuwekea nakala. Ila kila akiichomeka, kompyuta inajifanya haikuiona. Ameambiwa mjini kuna vijana wanaojua.

Lilikuwa swali la dakika mbili. Yumna alijua jibu lake kabla mwalimu hajamaliza kueleza. Kila mtu chumbani alilijua.

"Umesoma mwongozo, mwalimu?" Badar aliuliza.

"Mwongozo upi, kaka?"

"Mwongozo upi," Saud alisema, akiwageukia wenzake. "Kwao Micheweni watu husoma mawe."

Walicheka. Mwanakhamis naye alitabasamu, kama mtu anayetaniwa na shemeji zake, akasema kwamba ni kweli mawe wanayo mengi, na akaomba kuwaonesha filamu moja ili waone si mchezo. Alifungua kanga, akaiwasha kompyuta juu ya meza ya Yumna, kwa sababu Yumna ndiye aliyekuwa mwanamke.

Alitokea bibi mwembamba juu ya mkeka, nyuma yake ukuta wa udongo. Aliinua mikono. Vidole vya mkono mmoja vilikunjuka taratibu na kurudi nyuma, vikaburura juu ya kiganja cha pili, na kiganja kikabaki wazi, kitupu. Kisha aliangalia mbele moja kwa moja, kama anayesema, umeona? Mwanakhamis alieleza kwamba hilo ni "maji yametoka", yaani bahari imekupwa, wanawake waende kwenye mwani. Yumna alisogeza uso karibu na kioo. Hakuwahi kuiona bahari ikikupwa kwa usahihi namna ile.

Saud aliuliza mbona sauti imekatika. Mwengine akataka kujua mzee alikuwa na tusi la mkono lipi. Saud akaanza kuiga, akiburura vidole juu ya uso wa jirani yake, na chumba kizima kikawa kinapunga mikono na kutoa sauti za bubu. Yumna alichukua ncha ya mtandio, akaziba mdomo, akacheka nao. Alicheka kidogo tu. Mwanakhamis aliwangoja wamalize, uso wake haukubadilika. Alikuwa amezoea kuona watu wakiwacheka watoto wake sokoni, na alijua kwamba mwenye shida hungoja.

Ndipo Badar alipoichukua karatasi.

Aliandika mstari, hakumpa mwalimu mkononi. Alimpa Yumna, amsogezee. Yumna aliusoma ingawa hakuhitaji kuusoma. Alimtazama Badar, na Badar akamwambia kwa upole kabisa, kana kwamba wanazungumza habari ya chai, kwamba akisoma atauliza, na akiuliza atajibiwa. Mlango ni ule ule kwa kila mtu. Kisha akaongeza kuwa Saud anangoja kuona.

Karatasi ilikuwa nyepesi. Yumna aliiweka mbele ya Mwanakhamis.

Mwalimu aliandika kwa kidole kimoja, akihakikisha kila herufi, midomo yake ikienda kama mtoto wa chuo cha Kurani anayefuata mstari wa juzuu. Kompyuta ikamtaka neno lake la siri, akalitia. Alipofika mwisho alisita. Lau angeuliza maneno manne tu, mstari huu unafanya nini, angelipigiwa makofi na angelipewa kiti. Lakini Mwanakhamis hakuwa na shaka na mstari. Shaka yake ilikuwa juu ya mikono yake mwenyewe, asije akaharibu. Kwa hiyo alimgeukia mwanamke mwenzake.

"Dada, nibonyeze?"

Yumna aliona Saud ameinua nyusi. Aliona barua. Aliona mama yake amebeba sahani ya mikate.

"Kama alivyokwambia," alisema.

Mwanakhamis akabonyeza.

Maandishi yalianza kuteremka kiooni, mstari juu ya mstari, na humo ndani, kwa anayejua kusoma, yalipita majina ya filamu moja baada ya moja. Uso wa mwalimu ulichanua. Aliyajua majina yale; aliyatia mwenyewe. Akayasoma kwa sauti: maji yametoka, mwani, mama, njaa, mvua.

"Inanakili," alisema. "Alhamdulillahi. Inanakili."

Hapo ndipo chumba kilipopasuka. Saud alilaza kichwa mezani. Mmoja alitoka nje kwenye ngazi kwenda kuchekea huko. Mwanakhamis, akidhani wanafurahi pamoja naye, alicheka pia, akawaombea dua, akakitoa kile kiboksi mkobani na kuanza kuchana nailoni yake kwa meno ili diski iwe tayari. Alikuwa bado anachana kompyuta ilipoganda.

Ilichukua muda kumwingia. Aliizima, akaiwasha, ikaonesha kistari cheupe kinachopepesa na kitu chengine hakuna. Aliuliza filamu ziko wapi. Badar akamjibu kwa sauti ya ualimu, bila ya hasira, kwamba hilo ndilo somo la kwanza, watu huja hapa wakataka kubebwa mgongoni, na mwenye nyumba hafungui mlango kabla ya kuuliza nani. Akasema pia kwamba asiyeweka nakala ya kitu chake hana haki ya kukililia.

"Nakala ndiyo niliyoijia, kaka," Mwanakhamis alisema.

Mwalimu hakupiga kelele. Alikaa, kwa mara ya kwanza tokea aingie, kwenye kiti ambacho hakupewa, akaweka viganja viwili juu ya kompyuta kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Badar alitoka nje, Yumna akamfuata kwenye ngazi. Na hapa pana jambo la kufahamika, kwani ndilo lililobaki baadaye. Faili ikifutwa haiondoki pale pale. Kinachobanduliwa ni kibao cha mlangoni. Nyumba yenyewe bado imesimama, ila haijulikani tena ni ya nani. Anayejua anaweza kupita nyumba hadi nyumba akazitambua, na akazirudisha nyingi. Sharti ni moja, asitokee mwengine akajenga juu yake. Kompyuta ile, kama ingezimwa na kuachwa bila ya kuguswa, ingeweza kurudisha pengine filamu mia mbili, pengine zaidi. Yumna alikuwa na programu ya kazi hiyo. Aliwahi kumrudishia binamu yake picha za harusi.

Alimwambia Badar hayo kwa kunong'ona. Alisema waseme ilikuwa mzaha, wamrudishie.

Badar alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na adabu ya kusikiliza.

"Ukimrudishia leo, kesho nani atasoma?" alimuuliza. "Kila mpangaji wa kisiwa hiki atapanda ngazi hizi na kapu lake. Mtilie mfumo mpya, aende zake, tumemsaidia. Au nimwambie Saud amtilie?"

Hakuitaja barua. Wala hapakuwa na haja.

Yumna alirudi ndani. Alichukua kisahani, CD ya kutilia mfumo, akamwambia Mwanakhamis kwamba atamtengenezea kompyuta yake iwe kama mpya, na bure. Mwalimu alimuuliza kama filamu zitarudi kwa njia hiyo. Yumna alisema hajui. Hilo "sijui" alizoea kulisema, lilitoka lenyewe.

Baada ya dakika chache kompyuta iliuliza swali lake: kila kilichomo kwenye diski hii kitapotea moja kwa moja, una hakika? Safari hii umeme ulikuwa unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, haukatiki ovyo. Yumna alingoja kidogo, kidole juu ya kibonyezo, kama anayetega sikio. Taa haikupepesa. Akabonyeza.

Kazi ilichukua nusu saa. Kwa nusu saa hiyo Mwanakhamis alikaa pembeni yake, akimtazama mikono, na kwa kuwa hapakuwa na mwengine wa kuzungumza naye alimsimulia Yumna habari za Bi Siti: kwamba alikuwa mkali, kwamba ukikosea neno hukupiga kidole, kwamba alikuwa na neno la kila mtu kijijini na baadhi ya watu wasingeyapenda yao. Alipoondoka alimshika Yumna mkono kwa mikono yake yote miwili na kumshukuru. Alisema katika watu wote wa mle ndani yeye ndiye aliyemfanyia ubinaadamu. Chini dukani alisimama, akanunua mwongozo.

Jumatatu jina la Yumna likapelekwa.

Alikwenda Dar, akakaa wiki sita, akajifunza aliyoyajua na machache asiyoyajua. Aliporudi aliajiriwa. Mama yake alipika, majirani wakala. Barazani alipewa meza ya dirishani na kazi mpya: yeye ndiye atakayewapokea wageni. Badar alisema ana mkono mwepesi. Walikuja wageni wawili mwezi ule, na Yumna aliwasogezea karatasi. Mmoja aliuliza, mmoja hakuuliza. Yule asiyeuliza alikuwa kijana wa Mkoani aliyekuwa na hesabu za skuli tu ndani ya kompyuta yake. Yumna alimtazama akilia, akaziba mdomo kwa mtandio, na siku hiyo hakujua kama chini ya mtandio alikuwa anacheka au vipi.

Skuli za Micheweni zilikuwa kwenye orodha yake ya kazi. Alizipanga mwisho.

Mwezi wa nne tangu siku ile, Jumamosi, Mwanakhamis alipanda ngazi tena. Buibui lile lile, vumbi lile lile. Kwapani alikuwa na mwongozo, na mwongozo ulikuwa umevimba mara mbili ya unene wake, kurasa zimejikunja pembe, waya wa mgongoni umelegea, na kila ukurasa pembezoni umeandikwa kwa penseli maana ya maneno ya Kiingereza aliyoyatafuta kwenye kamusi. Alitoa salamu. Saud alimkumbuka, akaanza kupunga mikono. Mwanakhamis alimngoja amalize.

"Nimesoma," alimwambia Badar. "Sasa nina haki ya kuuliza?"

Badar alicheka, akasema kwa hakika anayo.

Mwanakhamis hakumuuliza yeye. Alikwenda mpaka kwenye meza ya dirishani, akauweka mwongozo mbele ya Yumna, akaufungua pale palipokuwa na ukindu wa kuwekea alama. Alikuwa amepigia mstari aya moja, mara mbili.

"Dada Yumna. Faili ikifutwa, na kompyuta isiguswe. Inarudi au hairudi?"

Chini dukani mashine ya fotokopi ilikuwa ikivuta karatasi. Yumna alianza kusema sijui. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini aya ilikuwa pale, na pembeni yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa mwalimu wa watoto, kila neno gumu lilikuwa limetafsiriwa.

"Inarudi," alisema.

"Na mfumo mpya ukitiwa juu yake?"

"Hairudi."

"Ulikuwa unajua siku ile?"

"Nilikuwa najua."

Mwanakhamis aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepewa jibu sahihi na mtoto aliyekuwa akimtegemea. Hapo Badar, ambaye hakuwa mtu wa kukosa la kufanya, alianza kupiga makofi. Alisema huyu sasa amesoma, tena amesoma kuliko Saud. Apewe kiti, ni mwenye nyumba. Wengine wakafuata. Wakampigia makofi kweli kweli, na Saud mwenyewe akavuta kiti, akakifuta kwa kiganja.

Mwanakhamis hakukitazama. Alikuwa bado anamtazama Yumna. Aliinua mkono wa kulia, akaupeleka mdomoni, vidole vimekusanyika kama vinavyoshika ncha ya nguo. Kisha mkono ukashuka mpaka kifuani, ukageuka, na ukafunguka kuelekea chini, polepole, kama unaomwaga kitu. Alifanya hivyo mara moja. Halafu akauchukua mwongozo wake.

Makofi yalikuwa yamekwisha. Yumna alimfuata mpaka kwenye ngazi, akamshika pindo la buibui, akamuuliza amemwambia nini. Aliuliza kwa adabu, akamwita mwalimu.

"Ni neno la Bi Siti," Mwanakhamis alisema. "Lilikuwamo kwenye zile filamu."

Akashuka.

Yumna alirudi dirishani. Alimwona akivuka njia, akiuliza gari ya Micheweni, akipanda. Usiku wa siku ile na nyingi nyengine, mlango umefungwa, alisimama mbele ya kioo cha kabati akaurudia mwendo ule wa mkono: mdomoni, kifuani, chini. Wakati mwengine aliona maana yake ni wazi kabisa, wakati mwengine aliona huenda ni neno la kawaida tu, kiu, au kwaheri, au mama. Wapo wanaolijua. Wapo kama kumi na wanne, wanakaa kwenye madawati ya mbele ya skuli moja ya Micheweni, na mdogo wao ana miaka minane. Gari zinakwenda kutwa. Skuli ile bado imo mwisho wa orodha.